Aliyefuta Seva za Ithimani

Jumatatu ya tarehe mosi, saa moja kasoro asubuhi, nesi wa mapokezi katika Hospitali ya Ithimani, nje kidogo ya Wote, aliandika jina la mgonjwa wa kwanza na kompyuta ikakataa kumtambua. Akaandika la pili. Likakataliwa vilevile. Akaizima, akaiwasha, akaipiga kofi la ubavuni kama sote tufanyavyo tukidhani hakuna anayeona. Kisha akamwita Mwongeli.

Mwongeli ndiye aliyekuwa msimamizi wa mifumo, na tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kuitwa kwa habari njema. Alifungua chumba cha seva, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta. Hakuna kilichoharibika wala kuzimika. Mashine zote za hospitali zilikuwa zimefutwa.

Kwa asiyejua mambo haya, hospitali ilikuwa na kompyuta moja kubwa iliyogawanywa ndani kwa ndani, kama ploti yenye vyumba vingi na mita moja ya stima. Kila chumba kilikuwa na mpangaji wake: rekodi za wagonjwa, duka la dawa, maabara. Sasa wapangaji wote walikuwa wametupwa nje na masufuria yao. Afadhali kulikuwa na nakala katika tawi la Makindu, ila ilikuwa ya wiki iliyopita. Kila alichopimwa au kuandikiwa mgonjwa tangu hapo kilikuwa kimepotea.

Kumbukumbu za mtambo zilieleza waziwazi. Amri ilitoka saa kumi na mbili kamili asubuhi hiyo, kwenye kompyuta ya ofisi ya teknolojia, kwa jina la Faki. Faki alikuwa msaidizi wake Mwongeli, kijana wa Kambu, na meza zao zilitazamana.

Mkurugenzi, Daktari Mutie, hakutaka kusikia zaidi. "Si nilijua! Si alisema tutalia?"

Ni kweli alisema. Kampuni iliyotengeneza programu ya kugawanya ile kompyuta ilikuwa imenunuliwa na kampuni kubwa zaidi, na bei ya leseni ikapaa. Mwongeli alizisoma habari hizo kila asubuhi akinywa chai, na msimamo wake ulikuwa mmoja: anayenunua kampuni ya namna hiyo hanunui programu, ananunua wateja wasioweza kuhama. Faki alisimama kwenye mkutano akasema maneno hayohayo, akapendekeza wahamie programu ya bure. Daktari Mutie akamwambia ashughulike na nyaya zake. Faki akatoka akisema, "Siku moja mtalia hapa." Mwongeli, ambaye hoja ile ilikuwa yake tangu mwanzo, aliangalia chupa ya maji tu.

Koplo Kisilu wa upelelezi alifika kabla ya saa nne. Alikuwa mtu mpole mwenye koti kubwa kuliko yeye.

"Hii jina ni ya Faki?" aliuliza.

"Ni yake."

"Mtu mwingine anaweza kuingia nayo?"

"Mpaka awe na password yake."

"Na wewe, madam, uko nayo?"

"Hapana," Mwongeli alijibu upesi.

Alikuwa nayo. Faki alimpa zamani, akiwa likizo, kwa shughuli fulani ya haraka ambayo Mwongeli alikuwa amekwisha kuisahau. Lakini kanuni ya hospitali ilikataza mtu kutumia nenosiri la mwenziwe, na kanuni hiyo aliiandika Mwongeli mwenyewe. Aliona ni jambo dogo lisilo na haja ya kutajwa mbele ya mkurugenzi. Akatia sahihi taarifa yake.

Faki alikamatwa langoni akitoka kwao Kambu. Alisema kwamba saa kumi na mbili alikuwa bado amelala nyumbani kwa dadake, Sauda.

"Nani mwingine alikuona?" Kisilu aliuliza.

"Nikiwa nimelala? Nani aniangalie?" Kisha akageuka. "Mwongeli, si uwaambie mimi siwezi kufanya kitu kama hiyo?"

Mwongeli alisema ataangalia zaidi. Alilisema hilo akitazama viatu vyake, na alijiona mnyonge.

Kesho yake asubuhi Kisilu alimleta Ndolo, wakala wa Kitui aliyeuza zile leseni. Programu ya bure ingemnyima mkate, na Ijumaa alikuwa ameingia chumba cha seva.

"Ulifanya nini huko ndani?"

"Nilihesabu mashine, afande. Halafu nikazihamisha zote kwa folda ya Majaribio, ile ya mashine za kujaribia tu, ndio zisihesabiwe kwa bei mpya kabla mkataba kusainiwa. Daktari alijua."

"Na jana asubuhi?"

"Nilikuwa kanisani Kitui, maombi ya asubuhi. Mimi ndiye hupiga kinanda. Pigia pastor simu."

Kisilu alimpigia. Mchungaji alithibitisha kwamba Ndolo alikuwepo, akaongeza bila kuulizwa kwamba bado anajifunza.

Ndolo alipotoka, koplo alibaki akikuna kidevu. "Basi ni Faki. Leo saa tisa nampeleka kortini. Lakini, madam, kuna kitu inanisumbua. Hizi mashine zimefutwa kwa mpangilio ya alfabeti. Mtu ako na hasira huanza na ile itauma zaidi. Halafu saa kumi na mbili kamili, hata sekunde haikupita. Mimi nimeshika watu wengi, na sijaona mhalifu wa kufika on time."

Alicheka, akatoka kutafuta chai. Mwongeli hakucheka. Saa kamili, tarehe mosi, kwa alfabeti, na kila kitu kikiwa ndani ya Majaribio. Aliivuta kibodi ya ile kompyuta ya ofisi, akafungua orodha ya kazi zinazojiendesha zenyewe, na hapo akaiona.

Juu kabisa iliandikwa: *Ufagio wa kila mwezi. Mwongeli.*

Programu hiyo aliiandika mwaka jana. Kila tarehe mosi saa kumi na mbili asubuhi ilipita kwenye folda ya Majaribio na kufuta chochote ilichokikuta. Iliendeshwa kwa jina la Faki, kwani kusafisha folda hiyo ilikuwa kazi yake naye alikuwa likizo; kuombea ufagio jina lake wenyewe kulihitaji sahihi ya mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa safarini. Kwa mwaka mzima ufagio ulipita kwenye chumba kitupu. Ijumaa Ndolo akakijaza wapangaji wote wa hospitali.

Ilikuwa saa tatu. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Na papo hapo wazo la pili likaja, naye alilichukia kwa jinsi lilivyokuja kwa urahisi: angeweza kuufuta ufagio wenyewe, na katika kaunti nzima ya Makueni hakuna ambaye angejua.

Kisilu alichungulia mlangoni na kikombe mkononi. "Umepata kitu?"

"Bado naangalia, afande."

Hakuufuta. Hakusema pia. Alijitupa katika kurudisha mashine kutoka Makindu, akarudisha duka la dawa, akarudisha maabara, akashukuriwa na manesi, na kila shukrani ilimchoma. Alijiambia kwamba hospitali kwanza. Alijua anajidanganya.

Saa saba Sauda alimjia na bakuli la pilau lililofungwa kwa leso.

"Dada, hii nimekuwekea. Nyingine nilimpelekea Faki. Tangu jana anasema neno moja tu: Mwongeli atajua. Wewe ndiye unaelewa hizo mashine, tafadhali tusaidie. Akifikishwa korti, nani atampa kazi ya kompyuta tena?"

Mwongeli alilipokea bakuli. Hakuweza kulifungua. Akachukua simu akampigia Kisilu.

Saa nane walikuwa wote ofisini kwa Daktari Mutie: daktari, Ndolo, Sauda, na Faki akiwa na pingu.

"Mimi nilikuwa kanisani!" Ndolo alianza kabla ya kuulizwa.

"Hakuna aliyebonyeza chochote," Mwongeli alisema. "Ni programu. Inajiendesha yenyewe kila tarehe mosi, inasafisha Majaribio. Ndolo alihamisha mashine humo bila kujua."

"Nani aliiandika?" Kisilu aliuliza.

"Mimi."

"Na jina ya Faki?"

"Nilikuwa na password yake. Nilikudanganya."

"Kwa statement yenye uliweka sahihi."

"Ndiyo."

"Kwa nini, madam?"

"Niliogopa Daktari ajue kwamba navunja sheria niliyoiandika mwenyewe. Hiyo tu. Sina sababu kubwa kuliko hiyo."

Daktari Mutie alikohoa. Pengine alikumbuka ni nani aliyemruhusu Ndolo kuhamisha mashine. "Basi kumbe ni ajali. Haya yaishe hapahapa."

"Ya mashine iishe, Daktari," Kisilu alisema. "Ya statement ni yangu na huyu madam." Akamfungua Faki pingu.

Faki alijisugua mikono. Uso wake ulikuwa umelegea, karibu acheke. "Kumbe ile fagio! Hata mimi niliisahau kabisa. Usijali, Mwongeli. Mtu yeyote angesahau."

Mwongeli alianza kulia, kwa kuwa alikuwa akisamehewa jambo ambalo silo.

Faki alimtazama, na kicheko kikafutika usoni mwake taratibu. "Ulijua lini?"

"Leo."

"Leo saa ngapi?"

"Saa tatu."

Faki aliitazama saa ya ukutani juu ya kiti cha mkurugenzi.

"Mamangu alikuja kituoni saa tano," alisema. "Tulikuwa tumemficha haya yote kwa sababu ya presha yake. Sijui nani alimwambia. Amenikuta na pingu."

Sauda alimshika kaka yake mkono. Mwongeli alisema pole, akasema tena kwa sauti zaidi, lakini wao walikuwa wameshatoka mlangoni.