Miguu ya Bonfils Siku ya Alhamisi Kuu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bonfils alichukua bidoni mbili za njano, akaenda kuchota maji kwenye bomba la mtaa wao wa Buyenzi. Akirudi alifagia uani na kumwagilia mchicha wa mama yake. Hizo zilikuwa kazi zake tangu alipotimiza miaka kumi, na sasa alikuwa na kumi na miwili.

Lakini wiki ile ya mwisho ya Kwaresima, bidoni zilibebwa na mdogo wake, Ingrid, mwenye miaka tisa. Bonfils alikaa mlangoni akimwangalia, soksi mbili mbili miguuni, jua kali namna ile!

Sababu ilikuwa hii. Jumapili ya Matawi, mkatekista wao, Madamu Christa, alisoma majina ya watu kumi na wawili ambao Padri Sylvère angewaosha miguu Alhamisi Kuu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Jina la mwisho lilikuwa la Bonfils. Mwili ulimsisimka. Padri mzima apige magoti mbele yake, yeye mtoto wa Caritas muuza mboga!

"Mufike saa kumi kamili, mukiwa safi," Madamu Christa alisema. "Mwenye hayuko tayari, nafasi yake ninampa mwingine."

Tangu hapo Bonfils hakuwa na habari nyingine. Kila aliyempongeza alimjibu, "Mungu atukuzwe," kisha akaenda kusugua visigino kwa jiwe. Alikata kucha, akajipaka mafuta mpaka miguu ikang'aa kama maandazi. Mama yake alipomtuma kwenye mchicha, alikataa.

"Apana, mama. Mi siwezi kukanyaga udongo. Hii miguu ni ya Mungu sasa."

Mama Caritas alimtazama, akacheka kidogo. "Na ya Ingrid ni ya nani?"

Bonfils akavuta soksi zake juu.

Alhamisi mchana mama alikuwa bado sokoni mvua ya masika iliponyesha kwa nguvu. Ilipokatika ilikuwa saa tisa. Bonfils alikuwa tayari amevaa shati jeupe na viatu, anataka kutoka, aliposikia sauti ya jirani yao.

"Bonfils, mutoto wangu! Maji inaingia ndani!"

Alikuwa Bibi Khadidja, mjane wa Kiislamu ambaye kila Idi aliwaletea sahani ya pilau. Mtaro wa mbele ya nyumba yake ulikuwa umeziba, na maji yote yaligeukia mlango wake. Alikuwa ameinama kwa shida na magoti yake mabovu, akiyachota kwa bakuli. Godoro lake lilikuwa sakafuni, na maji yalikuwa yamebakiza hatua moja kulifikia.

Ingrid alikwisha kuingia mtaroni na jembe linalomzidi urefu. Alivuta, akateleza, akavuta tena. Bonfils alisimama kizingitini. Tope la Buyenzi alilijua vizuri: lina oili ya magereji, likishika ngozi halitoki kwa siku mbili. Angeingia, basi nafasi yake ingekwenda kwa mwingine.

Ndipo alipoiona miguu ya Ingrid. Visigino vilikuwa vimepasuka, na kidole kimoja kimefungwa kitambaa. Wiki nzima miguu ile ilikuwa imebeba maji yake yeye, naye hata hakuiangalia. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Akavua viatu. Akavua soksi za juu, akavua na za chini, akaingia.

Alitoa chupa, matambara na kipande cha tairi. Kucha moja ya mguu ilivunjika, akauma meno, akaendelea. Mwishowe mtaro ulizibuka, maji yakaondoka kwa kishindo, na mlango wa Bibi Khadidja ukabaki na tope tupu.

"Alhamdulillahi!" bibi alisema. Alilifuata birika lake la kutawadhia ili amwoshe miguu, lakini saa kumi ilikuwa inakaribia. Bonfils alishika viatu mkononi, akatimua mbio.

Madamu Christa alimpokea mlangoni mwa kanisa, akamwangalia miguuni. "We mutoto! Si nilisema safi?"

Kijana mwingine alikuwa amesimama tayari kando yake. Bonfils akajibu, "Maji iliingia kwa Bibi Khadidja, madamu. Mtaro uliziba."

Madamu Christa alimwashiria yule kijana akakae. Kisha akakionyesha kiti cha kumi na mbili.

Padri Sylvère aliosha mguu wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi na moja, na maji yalidondoka kwenye beseni yakiwa meupe. Akafika kwa Bonfils, akapiga magoti. Bonfils alirudisha miguu chini ya kiti.

"Samahani, Padri. Ni oili. Haitoki."

Padri aliushika mguu kwa mikono miwili na kuumiminia maji. Beseni likawa jeusi. Alisugua taratibu, kidole kwa kidole, mpaka kwaya ikamaliza wimbo na kuuanza upya. Alipofika kwenye kucha iliyovunjika, aliigusa polepole sana. Bonfils alihisi kwamba Mungu mwenyewe yupo pale, karibu kuliko Padri, na anajua kila kitu cha mchana ule. Machozi yakamtoka.

Baada ya misa Padri, akiwa ameshasimuliwa na Madamu Christa habari za mtaro, alimwita pamoja na mama yake na Ingrid, ambao nao walikuwa misani.

"Miguu kumi na mmoja ilioshwa kwanza nyumbani," alisema akitabasamu. "Wako ndio ulionipa kazi! Mwanangu, ulipoingia kwenye ule mtaro, ibada yako ilikuwa imeanza. Mungu anatukuzwa hapa kanisani, na anatukuzwa vilevile unapochota maji, unapofagia, unapomsaidia jirani kwa upendo. Ishi hivyo kila siku, Pasaka itakukuta uko tayari."

Bonfils aliitazama miguu ya dada yake.

"Mama," alisema, "na ya Ingrid ni ya Mungu."

Ijumaa Kuu asubuhi Ingrid alipoamka, hakuziona bidoni. Bonfils alikuwa bombani, peku, oili bado imezunguka kucha zake, akiwachotea maji ya nyumbani na bidoni moja ya kumpelekea Bibi Khadidja.