Supu ya Maparasha

Siku ya soko Bisil huwezi kupita bila kuonekana. Mbuzi wanalia, vumbi linapanda, watu wanasalimiana kutoka huku mpaka kule. Kaloki alikuwa amesimamisha gari kujaza gurudumu upepo, amevaa jaketi ya mikono mirefu na jua linachoma. Soipan mkewe, katika gauni la kitenge la manjano, alikuwa akimcheka kwa hiyo jaketi aliposikia jina lake likiitwa kutoka upande wa ng'ombe. Kicheko kikamkauka.

Aliyeita ni Parmuat, baba yake mdogo, ndiye aliyemlea. Mtu mzuri sana. Lakini leo Soipan angeona heri akutane na simba.

Sababu ilikuwa chini ya ile jaketi, pale mkononi ambapo Kaloki huchomwa sindano za mashine ya kusafisha damu. Figo zake zilikufa mwaka jana. Mara mbili kwa wiki anaunganishwa na mashine huko Kitengela, na siku inayofuata, mwili ukipata nguvu kidogo, anamchukua mkewe wakatembee. Wiki iliyopita walienda Oltepesi kuangalia ndege wa porini. Leo ilikuwa zamu ya vilima vya Maparasha. Maji yake ya siku nzima ni nusu chupa, na Soipan ameichora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha: usivuke hapa.

Kwao Soipan hakuna aliyejua. Kaloki alimwapisha. Siku ya harusi, miaka tisa iliyopita, Parmuat alimtazama huyu Mkamba, fundi wa mageti, akauliza mbele ya watu kama mwembamba hivi ataweza kumbeba binti yao. Watu walicheka, Kaloki naye akacheka, halafu akaliweka hilo neno moyoni miaka yote tisa. Wanaume, jamani.

Na ni soko hili hili lililowakutanisha. Kaloki alikuja kutafuta mbuzi wa Krismasi, akamkuta Soipan amesimamia mifugo ya Parmuat, shanga shingoni, simu mkononi. Alimzunguka mbuzi mara nne bila kumwangalia mbuzi.

"Wewe unanunua ama unaposa?" Soipan alimuuliza.

Mbuzi mwenyewe alikuwa anachechemea. Kaloki alimchukua hivyo hivyo.

Sasa Parmuat alikuwa amemshika Kaloki mkono, wakisalimiana kwa Kimaasai, sopa, epa, huku akimpima kwa macho. Akasema mkwe wake amekonda na uso umepauka, ni huo moshi wa kuchomelea vyuma, na dawa iko. Si boma lake liko chini ya Maparasha, huko huko walikokuwa wakienda? Atachinja mbuzi, wachemshe supu na mizizi. Soipan alisema wana haraka. Kaloki akasema hawana haraka yoyote. Soipan alimfinya, naye akatazama kando.

Kwa Parmuat mambo bado ni ya zamani. Nyama ya wanaume inaliwa huko mlimani, na mwanamke hafiki. Kwa hivyo Soipan akabaki bomani na mke wa Parmuat, akapewa chai ambayo haikushuka, macho kwenye moshi uliotoka katikati ya miti ya juu. Daktari aliwaambia wazi: maji mengi ni hatari, lakini dawa za mizizi ni mbaya zaidi, zinaweza kusimamisha moyo bila hodi.

Alienda kwenye gari kuchukua leso. Chupa ilikuwa kwenye kiti, haijaguswa. Saa nane mchana, na jua lile. Basi Kaloki alikuwa anakunywa kitu kingine.

Alipiga simu.

"Umekunywa?"

"Kidogo tu, Soi." Alikuwa ananong'ona.

"Kidogo ngapi?"

"Vikombe mbili. Ningefanya aje? Wote wananiangalia."

"Waambie uko na ugonjwa."

"Uliapa."

"Kalo, nakuomba."

Simu ikakatwa. Alipiga tena, ikalia mpaka ikanyamaza. Mara ya tatu vile vile.

Soipan aliogopa. Si ile hofu ya kila siku aliyokwisha kuizoea. Hii ilimfanya ashike njia ya mlimani. Mke wa Parmuat alimuuliza anaenda wapi, akajibu anapanda juu. Mama wa watu akamkumbusha kwamba huko mwanamke haendi. Soipan alikuwa ameshaanza kupanda. Miba ikararua gauni, kiatu kimoja kikakatika, akakiacha njiani.

Wanaume watano waligeuka wote pamoja. Kaloki alikuwa na kikombe cha bati mdomoni, cha tatu. Soipan alikichukua, akamwaga supu chini.

Parmuat alisimama polepole. "Soipan, umekosea wanaume."

"Nimekosea, baba. Lakini huyu figo zake zimekufa. Mwaka sasa anaishi kwa mashine, na hiyo supu itamuua."

Kaloki alifumba macho. "Umenivua nguo mbele ya watu," akasema, akataka kuinuka aende zake. Miguu ilikataa. Alijaribu tena, akaanguka kwa magoti, mkono kifuani, akisema moyo unaruka.

Parmuat alimtupa mgongoni, akashuka naye mlima mbio.

Soipan aliendesha mpaka Kajiado mjini, mguu mmoja peku. Nyuma Parmuat alikuwa ameshika kichwa cha Kaloki, akimuuliza kila mara kama anasikia. Kaloki alikuwa akijibu. Halafu akaacha kujibu, na Soipan hakuthubutu kugeuka kuangalia.

Hospitalini walimchukua mbio mpaka kwenye mashine. Nesi alisema wangechelewa kidogo tu, lingekuwa jambo lingine. Soipan na Parmuat wakakaa kwenye benchi. Baada ya muda mrefu Parmuat aliuliza kwa nini alifichwa. Soipan akamweleza lile neno la harusini.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema, baba."

Parmuat akajifunika uso kwa shuka lake.

Jioni Soipan aliruhusiwa kuingia. Alisimama mlangoni, hajui kama atafukuzwa.

"Umevunja ahadi," Kaloki alisema. Sauti haikuwa na nguvu.

"Nimevunja. Na nitavunja tena."

Kaloki akaanza kulia, kitu ambacho Soipan hakuwa amekiona tangu waoane.

"Unafikiri napenda hivyo vilima na ndege? Nikikaa kwa nyumba nasikia moyo wangu tu, Soi. Naogopa kufa. Nilidhani tukienda mbali, hiyo hofu itabaki Kitengela."

"Mimi naogopa kila siku, na nilikuficha," Soipan alisema, akishika ule mkono wa sindano. "Kumbe tungeogopa pamoja."

Parmuat aliingia na ile chupa kutoka kwenye gari. Aliinua mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akauangalia mstari mwekundu kwa muda.

"Nimeuliza nesi," akasema. "Leo ni mafunda mawili. Nikikupa zaidi, unipige."

Kaloki alimtazama, macho bado yamelowa. "Nilikuwa mzito?"

"Umenivunja mgongo, mkwe."

Kaloki alicheka, kicheko kikamuuma. Parmuat akamwinua kichwa na kumwekea chupa mdomoni. Kaloki akanywa mafunda mawili, akaisukuma chupa pembeni mwenyewe.