Pua ya Nyamizi na Ukoko wa Bibi

Watoto, leo msitege masikio tu. Tegeni na pua!

Nyamizi aliishi Tabora na Mama na Bibi. Alikuwa na miaka sita, na pua moja kali ajabu.

Jirani akikaanga samaki, Nyamizi alijua. Mvua ikiwa bado mbali, Nyamizi alijua.

*Nusa, nusa, pua yangu!*
*Niambie, kuna nini?*

Watoto wa mtaani walimtania. "Nyamizi Pua! Nyamizi Pua!" Nyamizi aliona haya, akaificha pua yake kwa kiganja.

Siku moja Mama alinunua jiko la gesi. Akachora mstari wa chaki mlangoni pa jikoni.

"Jiko likiwaka, mtoto anakaa nyuma ya mstari," alisema Mama. "Na ukisikia harufu ya yai viza, hiyo ni gesi. Hatuwashi kiberiti! Hatugusi swichi ya taa!"

Mama akaenda sokoni. Bibi akabaki kupika wali, na Nyamizi akakaa nyuma ya mstari. Miaka yote Bibi alipikia mkaa.

"Utaliweza jiko hili, Bibi?"

"Ng'ombe hazeeki maini, mjukuu wangu! Ila sijui kama gesi itanipa ukoko."

Ukoko ni ule wali mkavu wa chini ya sufuria. Kru, kru, kru! Nyumbani kwao, ukoko ulikuwa wa Bibi. Hakuna aliyethubutu kuugusa.

Bibi akainjika sufuria, akaenda uani kuchambua mchicha. Kwa mkaa alifanya hivyo kila siku.

Bwata, bwata, bwata! Maji yakafurika. Shaaa! Moto ukazimika.

Bibi akarudi. "Loo, umezimika!"

Mkaa ukizimika, umezimika. Gesi sivyo! Ilikuwa bado inatoka. Fyuuu, polepole. Na Bibi alikuwa na mafua, hakusikia harufu yoyote.

Bibi akachukua kiberiti.

*Nusa, nusa, pua yangu!*
*Niambie, kuna nini?*

Yai viza!

Moyo wa Nyamizi ulidunda. Du, du, du! Alifunzwa kwamba mtoto hamkatazi mkubwa. Lakini Bibi je, akiungua?

Nyamizi alisimama pale pale nyuma ya mstari. Akapaza sauti yake yote.

"Bibi, nisamehe! Usiwashe! Gesi inanuka!"

Bibi alikuwa ameshatoa njiti. Mkono wake ukasimama hewani.

Akatia kiberiti mfukoni. Akafunga jiko, akafunga na mtungi. Akafungua dirisha, pa! Akafungua mlango wa uani, pa!

"Twende nje, mwanangu! Haraka!"

Nje, Bibi alimkumbatia Nyamizi kwa nguvu. "Mimi ndiye niliyekosea," alisema Bibi. "Wewe hukukosa adabu hata kidogo."

Walikaa nje mpaka Mama akarudi. Walikaa mpaka harufu yote ikaisha. Nyamizi alinusa mara tatu ili ahakikishe!

Ndipo Mama akawasha jiko. Safari hii Bibi hakuondoka. Alisimama kando ya sufuria kama askari, na Nyamizi nyuma ya mstari.

Wali ukaiva. Bibi akakwangua chini ya sufuria. Kwaru, kwaru! Kumbe hata gesi inatoa ukoko!

Bibi akauchukua ukoko wote. Akauweka kwenye sahani ya Nyamizi.

Watoto wa mtaani wakachungulia. "Nyamizi Pua, unakula nini?"

"Anakula ukoko wangu!" Bibi akajibu kwa sauti kubwa. "Pua hiyo imeniokoa leo. Nani mwingine ana pua kama hiyo?"

Watoto wakatazamana. Hakuna aliyekuwa nayo.

Nyamizi hakuificha pua yake. Aliiinua juu, juu kabisa! Kru, kru, kru!

Kisha akalala mkekani, kichwa kwenye mapaja ya Bibi. Tumbo lilikuwa limeshiba, macho yakafumba. Pua tu ndiyo iliyobaki macho.

*Nusa, nusa, pua yangu!*
*Niambie, kuna nini?*

Kuna Bibi.