Patna wa Saidi Rutayisire

Maiti ya Saidi Rutayisire, fundi cherehani wa Nyamirambo, ilikutwa sakafuni mwa duka lake, imelala ubavu wa kulia. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Pasi ya makaa ilikuwa chini ya meza, ina damu. Kufuli la mlango lilikuwa limevunjwa.

Inspekta Ndayisaba aliitazama mikono ya marehemu. Suti aliyooa nayo mwaka 1971 ilishonwa na mikono ile.

"Ni mwizi," alisema Hamisi Nzeyimana, aliyeshona na marehemu duka moja tangu kabla ya uhuru.

"Wewe ulimkuta lini?"

"Asubuhi hii, shefu. Nikaona iko chini, nikapiga kelele."

"Ulimgusa?"

"Hapana! Mimi iko mlangoni tu."

Ndayisaba akachutama. Kidevu cha marehemu kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa kitambaa cheupe. Vidole gumba vya miguu vilifungwa pamoja, na uso ulielekezwa Kibla. Yeye mwenyewe alimfunga baba yake hivyohivyo alipofariki. Akajaribu kuukunja mkono wa maiti, haukukunjika.

"Mzee Hamisi, taya likishakakamaa wazi halifumbiki tena. Huyu alifungwa angali na joto. Mwizi gani anaua, halafu anakaa kumstahi maiti?"

Hamisi akazitazama cherehani zao mbili. Akakaa chini.

"Sikuweza kumwacha kinywa wazi," akasema.

"Kwa nini ulimuua?"

"Jana tajiri mmoja alikuja kununua duka. Akauliza, huyu mzee ni patna wako? Saidi akasema hapana, patna ni mtu wa kuweka pesa, huyu ni fundi wangu tu. Mbele yangu, shefu! Watoto wake wawili nilizika na mikono hii. Kwangu mimi patna ni ndugu. Tajiri alipoenda, nikamuuliza Saidi. Akacheka. Pasi ilikuwa mkononi."

Ndayisaba alimtia pingu, akazifunika kwa koti lake.

Nje, kati ya waombolezaji, Mukabalisa mke wa marehemu akawazuia njia. Pingu hakuziona.

"Maelezo atatoa baadaye, Inspekta. Mwache kwanza amwoshe mume wangu. Saidi aliniusia zamani: nikifa, nisioshwe na mtu mwingine ila Hamisi."

Hamisi akaangua kilio, na mjane akamkumbatia.