Makombo Yasiyoona Moto

"Chumvi imepungua."

Simu ikakatika.

Kunguru akaitia Nokia mfukoni, akatazama Casio yake. Saa tatu na robo asubuhi. Maana ya maneno yale kutoka Kiota, ofisi iliyomtuma, ilikuwa moja: kaka yake bado yumo ndani ya ghala, na meli inaondoka saa nne.

Kaka yake ni mkaguzi. Siku tatu nyuma aligoma kusaini cheti cha mafuta ya ghala hili. Hakurudi nyumbani. Meli ikishaondoka, meneja wa ghala atamweka hai ya nini?

Wanasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Huyu alipita getini na koti la ukaguzi, kamera kwenye kifungo, bastola ya Beretta kiunoni.

Meneja alimpokea kwa tabasamu.

Pana mno. Nani huchekea mkaguzi?

"Karibu, dada. Mwenzako kapatwa na homa."

"Masikini. Homa gani?"

"Homa tu."

Homa tu. Kunguru akageukia matangi.

"Mafuta yametoka wapi?"

"Mahotelini. Yamekaangiwa mpaka yamechoka. Sisi tunayakusanya, wenzetu ng'ambo wanayageuza dizeli. Hakuna hata mti uliokatwa, dada yangu."

Cheti kilitakiwa kusema hivyo hivyo. Fununu zilisema mengine: mafuta mapya ya mawese, kutoka msitu uliofyekwa juzi, yamevishwa nguo kuukuu.

Akateremsha kopo la shaba hadi sakafu ya ndani ya tangi la kwanza. Likapanda na mafuta meusi na makombo tele.

"Unaona?" meneja akatamba. "Makombo ya kukaangia hayo."

Kunguru akabana moja kwa vidole. Likabonyea. Ndani jeupe kama pamba.

"Bwana meneja, umewahi kukaanga kitu?"

"Mimi? Jikoni kwa mke wangu naingia kufuata nini?"

"Ndiyo maana. Kombo lililokaangwa huungua, likawa gumu kama changarawe. Wewe umemwaga mkate na rangi."

Tabasamu likafa. Mkono wa meneja ukashuka mfukoni.

Beretta ilikuwa nje tayari.

"Taratibu, shemeji. Kaka yangu yuko wapi?"

"Yule ni kaka yako?"

"Tumbo moja."

Meneja akayatupia jicho matangi. Kunguru akamfunga pingu kwenye ngazi, akaanza kugonga matangi kwa kitako cha bastola. Karatasi zilisema yote matatu yamejaa.

La kwanza: du.

La pili: du.

La tatu: ngooo.

Kisha, kutoka ndani, mtu akajibu. Ngo, ngo, ngo.

Akabonyeza redio. "Kiota, Kunguru hapa. Zuieni meli. Mafuta ni mapya."

"Meli haitoki. Na mkaguzi?"

"Anabisha hodi."

Akafungua mfuniko. Kaka yake akapanda polepole, ndevu zimesimama, amejaa masalia ya mafuta toka utosini hadi kidoleni.

"Sikusaini," akasema kwa sauti iliyokauka.

"Najua, kaka."

Watu wa Kiota walipoingia kumchukua meneja, wawili wale walikuwa wameshafika kwenye Toyota. Kaka akashika mlango wa mbele.

"Nyuma," Kunguru akasema, akivaa miwani ya jua. "Na ukalie gazeti. Viti vipya hivi."