Madirisha Yaliyofungwa kwa Utepe

"Mbona unashona turubai mvua isipite, halafu unalitoboa tena?"

Jirani alimuuliza hivyo Mama Turubai miaka kadhaa nyuma, akimtazama anavyokata madirisha ya wavu kwenye turubai la sherehe. Mama Turubai alimjibu kwamba watu mia mbili wakikaa humo lazima wapumue. Jirani akacheka, akaenda zake.

Swali lile lilimrudia Jumapili asubuhi, akiwa kwenye benchi la kituo cha polisi na chupa ya chai mapajani.

Jana yake, saa kumi na robo alasiri, kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu, karani wa shule alilaza kichwa mezani kama aliyesinzia. Hakuamka. Kabla nusu saa haijapita, watu wanane wengine walikuwa chini, wanatapika, wanashika vichwa. Jioni ile mpishi aliwekwa mahabusu na sufuria zake zikachukuliwa. Mpishi huyo ni mdogo wake Mama Turubai, mtoto aliyembeba mgongoni mama yao alipofariki.

Sajenti hakumficha. Kesi ilikuwa ya kuua kwa sumu, na Jumatatu saa mbili asubuhi mtuhumiwa angepelekwa mahakamani. Meneja wa sherehe alikwishaandikisha maelezo kwamba yeye na mpishi walikuwa wamegombana, na kwamba nyama ilikuwa na harufu.

"Dada, nyama ile nimeila mwenyewe," mdogo wake alisema nyuma ya nondo. "Unaniamini?"

"Kunywa chai kwanza. Halafu niambie walioanguka walikuwa wamekaa wapi."

Wote tisa walikuwa nyuma, mpiga kinanda mwenyewe na waliokaa karibu na jukwaa lake. Chakula kilikuwa kimefika kila meza.

Aliporudi nyumbani alikuta gari la Meneja limeshusha turubai uani, lifuliwe kama kawaida. Alilikunjua. Madirisha matatu ya nyuma yalikuwa yameshushwa vifuniko na kufungwa kwa utepe wa zambarau, yamekazwa kweli. Kwa nje, chini ya madirisha hayo, usawa wa goti, palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sinia, kitambaa kimekakamaa kwa joto. Akainama, akanusa. Moshi wa jenereta.

Hakulifua. Alikaa chini, akamwomba Mungu ampe utulivu wa saa chache tu. Kisha akaenda hospitali.

Mpiga kinanda alikuwa amepata nafuu. Alisema mvua ilianza saa tisa na nusu, na muda mfupi baadaye ngurumo ya jenereta ikamjia mgongoni mpaka akaongeza sauti ya kinanda. Mama Turubai akamuuliza alikula nini.

"Nilikuwa nimefunga, mama. Hata maji sikuonja."

Saa kumi alasiri walikuwa wanne ofisini kwa Sajenti: Sajenti mwenyewe, Mama Turubai na turubai lake, Meneja, na msaidizi wa Meneja, binti wa dada yake. Sajenti alimsikiliza Mama Turubai akieleza habari ya moshi, kidevu kikiwa kiganjani, kisha akatoa picha iliyopigwa na polisi saa kumi na moja jioni ya Jumamosi. Jenereta ilikuwa karibu na stoo, hatua thelathini kutoka kwenye turubai.

"Afande, huyu anamtetea ndugu yake," alisema Meneja. "Turubai analishona yeye. Hayo madirisha kayafunga nani kama si yeye?"

Sajenti akamgeukia Mama Turubai, na macho yake hayakuwa tena ya huruma. Ilibaki kidogo tu na yeye aingie ndani, na mdogo wake asiwe na mtu wa kumsemea.

"Mimi nikifunga, nafunga kwa uzi," alisema taratibu. "Huu utepe ulifika lini?"

Msaidizi alitazama sakafu. "Nilinunua Jumamosi asubuhi, wa kupambia viti."

Meneja akatoa karatasi kwenye bahasha, akaiweka mezani. Ilikuwa cheti cha mafunzo ya afya na usalama kwa waandaaji wa sherehe. "Siku mbili nimekaa darasani. Leo nifundishwe kazi na fundi cherehani?"

"Sikufundishi, baba. Nauliza tu. Walisema jenereta ikae wapi?"

Meneja alikohoa. "Mahali pakavu."

Msaidizi akainua kichwa.

"Mjomba," alisema msaidizi, "walisema ikae mbali, hatua ishirini au zaidi, na moshi uende upande usio na watu. Turubai lisizibwe kote, kwa sababu ule moshi unaua na hauonekani. Walituambia siku ya kwanza kabla ya chai."

"Walituambia?" Sajenti aliuliza.

Ndipo yote yakatoka. Meneja alimtuma yeye mafunzoni akakae kwenye kiti cha mjomba wake na kusaini jina la mjomba. Mvua ilipoanza, Meneja aliogopa jenereta ikilowa taa na spika zitazimika mbele ya wageni wakubwa, akaivutia chini ya ukingo wa turubai na kufunga madirisha, moshi ukapenya chini ya kitambaa ukakosa pa kutokea. Msaidizi alimwonya.

"Akaniambia, nilikutuma ukasaini, sikukutuma ukasome." Alimgeukia Sajenti. "Watu walipoanguka, alitaka jenereta irudi stoo kwanza, ndipo tuite gari la wagonjwa. Karani alikuwa bado anapumua. Mimi nilishika upande mmoja tukiihamisha."

"Nilidhani ni kizunguzungu tu," alisema Meneja, kwa sauti ndogo.

Sajenti alipiga simu hospitali, akauliza kuhusu moshi. Daktari alijibu kwamba damu ya wagonjwa ilikuwa imeanza kumtia shaka hiyohiyo. Mpishi akafunguliwa. Alisimama mlangoni akipepesa macho, na dada yake akamshika mkono kama siku za utotoni.

Msaidizi aliandika maelezo yake, kurasa mbili, akasaini, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Akavua kitambulisho cha kazi shingoni, akakilaza juu ya cheti cha mjomba wake, akatoka.