Jino Lililopanda Bati

Jino lilipotua juu ya bati lilibiringika, kama ambavyo jino lolote lingebiringika. Ila hili lilibiringika kwenda juu.

Demetria alibaki amesimama uani, mkono ungali hewani, analisikiliza. Kri-kri-kri, likapanda taratibu mpaka kwenye kofia ya paa, kisha likanyamaza. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Bunju liko utosini, upepo hakuna, na kuku wote wamejibanza chini ya tenki la maji. Akajiambia kwamba masikio yamechoka. Kusema kweli kila kitu chake kilikuwa kimechoka siku ile, na mtu angemwuliza kulikoni angejuta kuuliza.

Chanzo cha yote ni jiwe. Wiki tatu nyuma, kwenye sherehe ya ubarikio wa kanisani wa mtoto wa shemeji yake, Demetria aling'ata pilau na pilau ikamng'ata. Jino la mbele la juu likameguka kona, likabaki linaning'inia, na kesho yake daktari akamalizia kuling'oa. Aliyechambua mchele hajulikani mpaka leo. Kamati ya sherehe ilikuwa na wajumbe kumi na wanne, na ukiwauliza, wote walikuwa kwenye mapambo.

Sasa, yapo mapengo ambayo mtu anaweza kuishi nayo. Demetria alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na miaka kumi na miwili alikuwa akifundisha watoto kusoma. Akisimama ubaoni na kusema "sa, se, si, so, su," pengo lilitoa "tha, the, thi, tho, thu," na watoto arobaini wakaitikia vilevile, kwa moyo wote. Wiki ya pili mwalimu mkuu, Adelard, alimwita ofisini.

"Mwalimu, kuna mzazi anasema mwanawe anaomba thabuni."

"Nalishughulikia, mwalimu mkuu."

"Lishughulikie kabla ya muhula kuisha. La sivyo darasa nampa mwingine, wewe nikupeleke stoo ya vitabu."

Stoo ya vitabu! Demetria alilia chooni, akanawa uso, akarudi darasani kufundisha herufi M, ambayo haihitaji meno.

Alienda kwa Dokta Farhan kule Tegeta, yule aliyeling'oa. Daktari alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomchosha. Kulikuwa na jino la plastiki la kuvaa na kuvua. Kulikuwa na daraja, ila lazima meno mawili ya jirani, mazima, yachongwe ili yalibebe. Kulikuwa na la kupandikiza, kwa skrubu inayoingia kwenye mfupa, na kungoja miezi. Au aache hivyohivyo, na polepole meno ya jirani yaegemee pengo. Halafu kulikuwa na rangi. Demetria alikulia Maji ya Chai, kule Arusha, na kama wengi waliokulia maji yale yenye madini ya floridi, meno yake yalikuwa na michirizi ya kahawia.

"Tulitengeneze jeupe, au tulifananishe na haya?" aliuliza daktari.

Hata hilo alitakiwa aamue yeye.

Nyumbani mume wake, Elibariki, hakuwa na msaada wowote. "Pengo si ugonjwa," alisema. "Bibi yangu alikuwa na mapengo sita na nyama alikula mpaka anakufa."

"Bibi yako alikuwa anafundisha sa, se, si?"

"Basi weka."

"Niweke lipi?"

"Lolote, Mama Lulu. Mie nitajuaje ya meno?"

Huyu ndiye aliyewahamishia kwenye nyumba isiyo na dari, akasema dari itafuata. Mwaka wa tatu huu, bado inafuata.

Binti yao Lulu, mwenye miaka saba, ndiye pekee aliyekuwa na jibu. "Mama, si utupe tu juu ya bati? Sie ndio tunavyofanyaga, linaota lingine." Na Demetria, ambaye alikuwa akizunguka na jino lake kwenye pochi, limeviringishwa kwenye tishu, akalitoa kwa hasira mchana ule, akalirusha. Akaimba na kile kiwimbo cha utotoni, huku akijicheka mwenyewe: "Panya panya, chukua bovu, nipe jipya!"

Kesho yake, saa saba mchana, aliamka kwenye mkeka sebuleni na harufu ya karafuu puani. Hilo halikumshtua, kwa kuwa alishapaka mafuta ya karafuu kwenye fizi wiki nzima. Kilichomshtua ni ulimi. Ulimi ulikwenda kwenye pengo kama kawaida yake ukakuta mlango umefungwa. Kulikuwa na kitu laini, kipana, cha baridi. Akaenda kwenye kioo. Katikati ya meno yake ya kahawia lilikaa jino jeupe kama nyama ya nazi.

Alilivuta kwa vidole. Halikutikisika. Akasema, kwa sauti ya kunong'ona, "Sa."

Ilitoka safi. "Sa, se, si, so, su," akasema, na machozi yakamtoka kwa furaha.

Msomaji atauliza kwa nini hakukimbia. Mtu aliyesumbuliwa wiki tatu, akashindwa kupata jibu kwa mume, kwa daktari, na kwa mwalimu mkuu, akiamka na jibu mdomoni hakimbii. Demetria alijiambia Mungu amesikia. Elibariki alipouliza, alimjibu kwamba ameweka, na Elibariki akasema tu, "Mbona jeupe hivyo?" akaendelea na redio.

Siku ya nne alianza kuona mengine. Kila ifikapo saa saba jino lilipata joto, na taya lilijifunga lenyewe, kak, likang'ata hewa. Wakati huohuo bati juu yake, ambalo kwa kukosa dari lilisema kila kitu, lililia hatua ndogondogo kutoka pembe hii hadi pembe ile, likisimama pale alipokaa yeye. Akihamia jikoni, hatua zilimfuata jikoni.

Siku ya saba alikusanya madaftari ya darasa. Alikuwa amewasomea imla ya maneno matano, sabuni, sufuria, sita, soko, simu, kwa sauti safi ambayo hata Adelard alisimama dirishani kuisikiliza akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafungua daftari la kwanza. Hakukuwa na sabuni wala sufuria. Kulikuwa na mstari mmoja, umeandikwa mara tano: Nipe mengine. Akafungua la pili, nipe mengine, la tatu, nipe mengine, akafungua yote arobaini, hata ya wale ambao bado hawajui kuandika majina yao, na mwandiko ulikuwa mmoja, na ulikuwa mwandiko wake yeye.

Na tangu siku ile watoto wakaanza kung'oka meno, si mmoja mmoja kama ilivyo kawaida ya darasa la kwanza, bali sita kwa siku, saba kwa siku, meno ambayo asubuhi hayakuwa yanacheza, yanatoka bila damu wakati wanaitikia somo, na wakiinama kuyatafuta chini ya madawati hawayaoni, wazazi nao hawashangai kwa kuwa umri ndio huo, wala hapakuwa na mtu mwingine wa kushangaa isipokuwa Demetria, aliyerudi nyumbani kila mchana na kukaa chini ya bati lake lisilo na dari akisikiliza kri-kri-kri, siku ya kwanza machache, siku ya pili mengi, siku ya tatu kama mchele unaopepetwa kwenye ungo, yote yakipanda kuelekea kwenye kofia ya paa.

"Mama," alisema Lulu mezani. "Jino langu linacheza."

Demetria aliweka kijiko chini. "Tangu lini?" alinong'ona.

"Tangu ulivyoniangalia."

Jino jeupe mdomoni mwa mama likapata joto. Demetria akafumba kinywa kwa viganja vyote viwili, akatoka mbio.

Bi Mwanakombo aliishi nyumba ya tatu, mwenyeji wa Bunju toka Bunju haijapimwa viwanja. Asubuhi alikaanga bagia, na watu wenye matatizo ya aina hii walimwendea mchana, jambo lililomkera kwa kuwa mchana alipenda kulala.

"Shikamoo bibi," alisema Demetria nyuma ya viganja.

"Marahaba. Toa mikono." Akatazama, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. "Hilo hukulinunua."

Demetria alimweleza yote. Bi Mwanakombo alisikiliza huku uso ukizidi kukunjamana.

"Nyie watu wa bara!" alisema, lakini kwa sauti ya chini. "Jino la mtoto hutupwa, tena asubuhi. La mtu mzima linazikwa. Mtoto anaomba kitu ambacho tayari kipo njiani, kiko ndani ya fizi. Wewe umeomba kisichokuwepo, jua la saa saba, saa ambayo wenyewe wanapita. Sasa unadhani hilo limetoka kinywani mwa nani?"

Demetria alirudisha viganja mdomoni.

"Huyo naye sasa ana pengo," alisema Bi Mwanakombo. "Anatafuta la kuliziba, kama ulivyokuwa unatafuta wewe. Ya watoto wako anayajaribu moja moja."

"Ling'oe, bibi. Nakuomba."

"Mie sing'oi meno, kwani mie daktari? Nenda kaling'oe, uniletee. Leo hiihii, kabla jino la mwanao halijatoka."

Dokta Farhan alimpiga picha ya eksirei, akaitazama, akaipiga tena. Mzizi ulipanda kupita pua, ukapita jicho, ukatoka nje ya picha.

"Nani alikupandikizia hili?" aliuliza.

"Ng'oa tu, dokta."

"Mama, sijui linaishia wapi."

"Ng'oa!"

Alijiandaa kwa kazi ya saa nzima. Koleo lilipogusa tu, jino liliteleza likaja lenyewe, halina mzizi wowote, lina joto kama yai lililotoka kutagwa. Daktari akaliweka kwenye pamba na kwenda kunawa mikono mara tatu. Aliporudi, Demetria alikuwa ameshasimama.

"La plastiki," alimwambia. "La kuvaa na kuvua. Lenye michirizi, kama haya yangu. Nimeamua."

Saa saba ya siku ya pili yake walisimama uani wawili. Lulu aliachwa kwa jirani, jino lake limeng'oka usiku lakini limeonekana, liko kwenye kikombe. Bi Mwanakombo aliweka ubani kwenye chetezo, moshi ukapanda wima, na bati likaanza kulia kutoka pembeni likija upande wao.

"Sikiliza," alisema Bi Mwanakombo kwa mnong'ono. "Unasema 'Chukua lako' basi. Maneno mawili. Usiombe kitu. Kinywa hicho kimeshaomba vya kutosha."

Demetria akainua mkono. Kitu kilichokuwa juu ya bati kikasimama usawa wao, na kivuli cha paa pale chini kikawa na nundu ambayo paa halikuwa nayo. Akarusha. "Chukua lako," akasema. Na ulimi, uliokwisha kuzoea kiwimbo kile toka utotoni, ambacho ndani yake ukishatoa jino lazima uombe, ukamalizia wenyewe kabla hajaushika:

"Nipe langu."

Moshi ulimpiga Bi Mwanakombo usoni, akakohoa. Jino likabiringika juu, kri-kri-kri, likafika, likanyamaza. Hatua zikaondoka upande wa pili wa paa na hazikurudi.

"Umesema nini mwishoni?" aliuliza Bi Mwanakombo akifuta macho.

"Nimesema ulivyoniambia, bibi."

Mambo yakatulia. Jino la plastiki lilimchubua fizi wiki nzima, na "sa" yake ilitoka na filimbi kidogo, lakini ilikuwa "sa". Adelard alimwachia darasa. Meno ya watoto yalirudi kung'oka kwa utaratibu wake, moja leo, moja wiki ijayo. Hata Elibariki, kwa namna asiyoweza kuieleza, alileta fundi wa dari. Demetria aliweza tena kulala mchana, na akaanza kusahau, kama mtu anavyosahau maumivu ya jino.

Jumamosi ya tatu, saa saba, Lulu aliingia sebuleni na gunzi la hindi la kuchoma mkononi.

"Mama! Langu limeota!"

"Mapema hivyo? Njoo nione."

Lulu akafungua kinywa. Alizaliwa Dar, amekunywa maji ya Dar, na meno yake yote yalikuwa madogo na meupe. Kwenye pengo la mbele lilisimama jino la mtu mzima, pana kupita kiasi kwa kinywa kile, lenye michirizi ya kahawia toka juu hadi chini, na kona yake moja imemeguka, pale lilipokutana na jiwe la pilau.

Demetria alipiga magoti. Alitaka kuligusa, mkono ukakataa.

"Linauma?" alinong'ona.

"Haliumi." Lulu akalipitisha ulimi, akatabasamu nalo. "Ila si langu, Mama. Limesema wewe ndiye uliyeliita."

Juu ya dari mpya palikuwa kimya kabisa.